Macho ya Ukoo Mzima

Mimi ni fundi cherehani, na kompyuta naifahamu kwa kelele zake tu. Hapa Isaka nimepanga chumba kimoja na Justa mpiga picha. Cherehani yangu iko mlangoni penye mwanga, yeye yuko nyuma na pazia lake la buluu, ambapo madereva wa malori hukaa kwenye stuli kupigwa picha za pasipoti kabla ya safari zao za Rwanda na Kongo. Mchana kutwa yeye husikia cherehani yangu na mimi husikia feni ya kompyuta yake. Tumezoeana hivyo.

Justa ni mtu wa woga, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Akifunga kufuli hurudi kulitikisa. Akipanda gari huuliza habari za breki. Mteja akichelewa kufuata picha zake, Justa huanza kuwaza kwamba amepata ajali. Nimemtania sana. Humwambia, "Wewe siku ukikosa cha kuogopa, utaogopa kwa nini huogopi." Hucheka kidogo, kisha huenda kulitikisa kufuli.

Ila upo woga wake mmoja ambao sijawahi kuutania. Justa hawapigi wanawake wazee kwa flashi. Bibi akija studio, hata kama mawingu yametanda, atamtoa nje, atamkalisha kibarazani karibu na mlango wangu na kusubiri jua lichomoze. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila kuniangalia.

"Flashi inawatia watu macho mekundu, Mama Blessing."

Sikuuliza tena. Mimi ni mtu wa Ushetu, nimekulia hukuhuku, sikuhitaji kuelezwa.

Kwa asiye wa huku, nieleze. Kuni zimekuwa adimu, na wanawake wetu vijijini wanapikia vijiti vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mkali. Mwanamke akiupuliza tangu usichana mpaka uzee, macho hubaki mekundu hata anapotoka usingizini. Halafu siku moja ng'ombe wa mtu anakufa, au mtoto wa mtu anaugua, mtu huyo anakwenda kwa mganga, na mganga anamwambia mbaya wako yuko karibu, ni mtu mzima, mtazame machoni. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayo. Serikali imekemea, makanisa yamehubiri, na bado vipo vijiji ambako mwanamke akishazeeka huanza kuangalia nani kamsalimia na nani kampita. Jambo hili hunipandisha hasira hata nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Macho yale yameharibikia jikoni, akiwapikia haohao.

Justa kalelewa na mwenye macho hayo. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na bibi yake mzaa baba, Vumilia, ndiye aliyemchukua kule Samuye, akamlea, akamsomesha kwa kuuza michembe ya viazi vikavu gulioni. Hata kamera ya kwanza ya Justa ilitokana na ndama wa bibi. Nimemwona huyo bibi alipokuja kumtembelea mjukuu wake. Ni mwembamba, mpole, mcheshi kwa Kisukuma, na Kiswahili chake anakitafuta polepole. Alinisalimia "mwangaluka, mayu," akaisifu cherehani yangu kama vile ni mtoto wangu. Na ni kweli, macho yake ni mekundu.

Tangu masika yaliyopita kijijini kwao kulianza kunong'onwa. Mnong'onaji alikuwa Januari, baba mdogo wa Justa, mtoto wa mke mwenza wa bibi. Ng'ombe wa Januari walikuwa wamekufa kwa kufuatana, na kitindamimba wake akashikwa na degedege lisilosikia dawa. Alikwenda kwa mganga. Aliporudi akaacha kumwamkia bibi Vumilia. Huko kwao kumpita mzee bila shikamoo, mbele za watu, ni tangazo.

Aliyekuja na wazo la picha ni Herman, kaka yake Justa, mchimbaji wa dhahabu kule Nyarugusu, Geita. Alisema ukoo mzima ukutane nyumbani Jumapili, wale, waombe, kisha wapige picha moja kubwa: bibi akae katikati kwenye kiti, na Januari asimame nyuma yake, mkono begani. "Mtu akishapigwa picha kamshika mwenzake bega, na picha hiyo iko kwenye simu za ndugu wote, kesho atamnyanyulia panga vipi?" Ndivyo Herman alivyomwambia Justa, na Justa alinisimulia akiwa na furaha ambayo kwake ni nadra. Picha ilikuwa ya kumkinga bibi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote.

Sasa, ukoo ukiambiwa saa nane unafika saa kumi. Januari alifika wa mwisho kabisa, jua limezama, na gari la kuwarudisha wachimbaji Geita linapiga honi barabarani. Justa hakuwa na la kufanya ila kuwasha flashi. Watu walikuwa wengi hata hawakuenea kwenye kamera, akawapiga kwa vipande kutoka kushoto kwenda kulia, ili aje aviunganishe kwenye kompyuta. Januari alisimama nyuma ya bibi. Mkono alikuwa ameunyoosha hewani, karibu na bega, bila kuligusa.

Jumatatu asubuhi Justa aliviunganisha vile vipande, picha ikatoka kubwa ajabu, watu wamepangana kama wanafunzi paredi. Na karibu wote walikuwa na macho mekundu. Watoto, vijana, wazee, Herman mwenyewe. Justa alinieleza kwamba gizani mboni ya jicho hufunguka, mwanga wa flashi huingia mpaka ndani na kurudi na rangi ya damu. Si ugonjwa wala nini. Kwenye ile programu yake ya picha kuna mahali pa kubonyeza jicho moja moja, wekundu ukatoka.

Herman alikuwa amemsihi picha iwekwe mtandaoni mapema, ili walioko Geita, Mwanza na Kahama waione wote. Kwa hiyo kabla ya kuanza kusafisha Justa aliiunganisha programu na hifadhi ile ya mtandaoni, picha ikapanda, na linki akaituma kwenye kundi la ukoo. Hakuna aliyeifungua asubuhi ile. Watu walikuwa mashambani.

Akaanza kazi. Alianza na watoto wa pembeni, akaja kwa vijana, akaja kwa kina mama, kisha wanaume wa mstari wa nyuma. Nilipopita kutafuta mkasi nikamuuliza kwa nini hajaanza na mwenye picha.

"Bibi namwacha wa mwisho," akasema. "Nataka nimfanye taratibu, mikono ikishatulia."

Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Kitu unachokiogopea ndicho unachokiwekea muda.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba programu ile, kila aliposafisha jicho na kuhifadhi, ilikuwa inaituma picha nzima mtandaoni upya. Jicho moja, picha nzima. Jicho lingine, picha nzima tena. Na picha ilikuwa mzigo, na intaneti ni ya simu yake, kwa hiyo kabla ya moja kufika nyingine imeshapangwa foleni, mpya ikitangulizwa na za nyuma zikisubiri ndani ya kompyuta. Feni ilianza kulia kama mashine ya kukoboa. Niliisikia kutoka mlangoni nikadhani ni lori. Justa alipofika kwa bibi, kompyuta ikaganda. Kimshale kikabaki kinazunguka juu ya uso wa bibi Vumilia.

Hakuogopa mara moja. Alisema ataisubiri ipumue. Simu yake ikalia mlio wa ujumbe, kisha mwingine, kisha mingi pamoja. Watu walikuwa wametoka shambani.

Binamu yake wa Geita ndiye aliyeandika kwanza: "Mbona bibi peke yake?"

Hakuna aliyemjibu. Ila ilionekana kwamba wameusoma, mmoja baada ya mwingine, ukoo mzima. Mwishowe akaandika Januari: "Kamera haidanganyi."

Justa alinipa simu mkononi. Nikaifungua ile linki. Safu kwa safu za watu wenye macho meupe, safi, mazuri, na katikati yao kikongwe kwenye kiti, macho yanawaka kama makaa mawili. Kazi yake yote ya asubuhi ilikuwa imefika, isipokuwa kipande kile kimoja. Nimeishi muda wa kutosha huku kujua kinachofuata ujumbe kama ule.

"Ifute," nikamwambia.

"Wameshaiona. Nikiifuta watasema nimeficha."

Alikuwa na haki. Picha iliyofutwa ingesema zaidi.

Akampigia bibi. Bibi ana kitochi chake anachokichaji kwa jirani mwenye sola, na mara nyingi kimelala. Hakipatikani. Akampigia Herman, lakini Herman alikuwa ndani ya duara, shimo la dhahabu, na wachimbaji simu huziacha juu. Akampigia mwenyekiti wa kitongoji. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nikamwambia tupande gari twende Samuye sasa hivi. Akasema tukiwa njiani picha itakuwa inaendelea kuonekana, na kwamba wanaweza kutuwahi. Alisema "kutuwahi" kwa sauti ndogo kabisa, nami nikatamani asingelisema.

Nilichukua simu yangu nikampigia Amosi, fundi kompyuta wa Kahama ambaye Justa humtegemea, nikaiweka sauti kubwa juu ya meza.

"Bonyeza uangalie nini kinakula RAM," Amosi akasema.

"Programu ya picha. Karibu yote."

"Simamisha kupandisha."

"Haisikii, Amosi. Nabonyeza haisikii."

"Basi ifunge kwa nguvu, halafu uifungue upya."

Akaifunga. Akaifungua. Kabla hajagusa kitu, ile foleni ikaanza pale ilipoishia, feni ikalia, kimshale kikazunguka. Justa alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye vibonyezo, na mimi nayafuta kwa kitambaa cha shule nilichokuwa nashona.

Amosi akasema wakate intaneti kwanza ndipo waifungue programu, ili isipate pa kupeleka. Justa akazima intaneti ya simu. Programu ikafunguka. Akashusha pumzi, na mimi nikashusha. Kisha ikaanza tena kujaa, taratibu.

"Hiyo ni kazi ya kutambua nyuso," Amosi akasema. "Inapitia kila uso ijue ni nani. Nenda kwenye mipangilio uizime."

Nikamwuliza hiyo mashine inatambua nyuso kwa faida ya nani, ukoo unajuana wenyewe. Justa aliipata, akaizima. Akasogeza picha mpaka kwa bibi, akaukuza uso wake ukajaa kioo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliiona mikunjo ya yule mama, na tabasamu lake la watu wasiozoea kamera. Justa akabonyeza jicho la kushoto.

Kompyuta ikaganda.

Tukakaa tunaitazama. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, tingo anagonga bodi. Niliomba kwa jina la Yesu na kwa majina ya wazee wangu pia, sitaficha, nilichanganya.

"Dada," Amosi akasema, "kusema kweli picha hiyo ni kubwa kuliko mashine yako. Kupandisha tumezima, nyuso tumezima, na bado. Ilete Kahama, kwangu itafunguka."

"Mpaka nifike Kahama bibi yangu atakuwa hai?"

Amosi hakujua habari ya bibi. Nikamweleza kwa maneno machache. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa ya mtoto wa mtu. Na yeye ana bibi.

"Kule mtandaoni," akasema polepole, "matoleo ya zamani huwa hayafutiki upesi. Kila ulichotuma kipo. Unaweza kurudisha la nyuma kwa simu tu, kompyuta hata isiguswe. Ila linarudi kama lilivyokuwa. Toleo gani bibi yako ana macho mazuri?"

"Hakuna," Justa akasema. "Hakuna hata moja."

Kisha nikaona sura yake inabadilika. Akawasha intaneti bila kuigawia kompyuta, akaingia kwenye ile hifadhi kwa simu, akashuka, akashuka, kupita kazi yake ya asubuhi nzima, mpaka toleo la kwanza kabisa. Lile ambalo hakuna jicho lililosafishwa. Watoto wekundu, vijana wekundu, Herman mwekundu, Januari mwekundu na mkono wake hewani, bibi mwekundu katikati yao.

Kidole kikasimama juu ya kioo.

"Kuna watoto humu, Mama Blessing," akasema. "Nikiwatia wote..."

Alikuwa anaogopa kuugawa ule uovu, kwamba badala ya mmoja atawaweka wengi kwenye macho ya waganga. Na mimi niliogopa hivyohivyo. Lakini mmoja ndiye aliyekuwa peke yake nyumbani saa ile, na simu yake haipatikani.

"Bonyeza," nikamwambia. "Hawawezi kuua ukoo mzima."

Sikuwa na uhakika. Nilisema tu. Akabonyeza.

Tukasubiri. Kwenye kundi hakuna aliyeandika. Nilikwenda kwenye cherehani nikaketi, nikashona mshono mmoja uliopinda, nikaufumua. Justa alibaki kwenye stuli ya wateja, simu imelala mapajani. Alisema, kama anayejisemea, kwamba akiwa mdogo bibi alikuwa anampulizia macho yakiingia vumbi.

Simu ikaita. Alikuwa Januari.

Justa aliitazama mpaka nikadhani ataiacha ikatike. Kisha akaipokea na kuiweka sauti kubwa, nadhani kwa sababu hakutaka kusikia peke yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

Hakuitikia. Tulisikia upepo, mbuzi, na watu. Watu wengi, wanaume, wanasema kwa pamoja kwa Kisukuma.

"Uko wapi?" Justa akauliza.

"Niko hapa uani. Kwa bibi yako."

Nilisimama. Kitambaa kikaanguka.

"Nimekuja na watu," Januari akasema. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Ilikuwa kavu, inakatika. "Nilitaka waone wenyewe. Nimefungua ile picha mbele yao. Mchana ilikuwa vingine, Justa. Mchana mimi nilikuwa mzima."

"Na sasa?"

"Sasa nina macho kama ya kwake. Mimi, na wanangu. Hata huyu kitindamimba." Nyuma yake mtu alisema kitu kwa ukali, na Januari akashusha sauti mpaka tukainama kumsikia. "Wananiangalia. Wanasema sasa wamejua ng'ombe wangu walikufa kwa nini, kwamba nimewala mwenyewe kwa uchawi. Justa, mwanangu, waambie. Wewe ndiye mpiga picha. Waambie ni mwanga wa kamera tu."

Sijawahi kumsikia mwanaume mzima akiogopa macho yake mwenyewe. Nilitaka Justa amwache hapo, amwache alionje hata kidogo. Mimi ningemwacha. Justa aliipangusa pua kwa kiganja.

"Weka sauti kubwa, baba mdogo, wanisikie wote."

Akawaambia. Kwa Kisukuma kwanza, halafu Kiswahili, kwamba aliwasha flashi jua likiwa limezama, kwamba flashi humfanya hivyo kila mtu, kwamba mchana aliwasafisha wote akawa hajamfikia bibi kwa kuwa mashine ilikwama. Kwamba hakuna mwenye macho ya peke yake kwenye ile picha. Sauti ilimtetemeka mwanzo mpaka mwisho, lakini hakuacha neno. Alipomaliza, Januari alirudia mwenyewe, kwa nguvu, akiwaapia wale watu: ni kamera, ni kamera tu, hata ya yule mama ni kamera.

"Nipe bibi," Justa akasema.

Simu ikapita mikono. Kisha ikaja ile sauti nyembamba, inayotafuta Kiswahili polepole.

"Justa. Watu wamejaa hapa uani, wana mapanga, na hakuna anayesema wamefuata nini. Mimi nimewakaribisha wakae. Niwapikie?"

Justa alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake chini ya meza.

"Usipike, bibi," akasema. "Kaa hapohapo waliko watu wengi, usiingie ndani. Nakuja kukuchukua."